Tableti mpya: kuhamisha kila kitu au kuanza upya? Nimefanya yote mawili

KiooKipya (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka ashuke moja kwa moja kwenye majibu. Najua watakuja watu wanaojua kuliko mimi.

Tableti yangu ya zamani nimekaa nayo miaka sita. Ni ya Android, kona moja imepasuka, na kibodi ukiiita inakuja baada ya kutafakari. Sasa nimepata mpya, nayo ya Android ila kampuni nyingine. Kuiwasha tu ikaniuliza lile swali ambalo wengi humu mmewahi kuulizwa: nikunakilie vitu kutoka kifaa cha zamani, au tuanze bila kitu? Nikabaki na kidole hewani. Nikauliza watu watatu, nikapata majibu manne. Basi nikaona nisibishane na mtu, nifanye yote. Ijumaa usiku nikahamisha, Jumamosi nikafuta, nikaanza upya.

IJUMAA. Nikaunganisha tableti mbili kwa kebo, nikaandika namba ya siri ya ile ya zamani, nikakubali kila ukurasa uliokuja. Makadirio ya muda yalianza na dakika 35, yakapanda hadi saa 2, yakashuka hadi dakika 12, na hizo dakika 12 zikakaa palepale karibu nusu saa. Zote mbili zilipata joto kama zimeanikwa juani. Mwishoni kioo kikafunguka na nikaiona... tableti yangu ile ile. Picha ya nyuma ile ile. Folda niliyoiita "Za kusoma" ipo kulekule kulia, na ndani mna makala ambazo sijazigusa tangu 2021. Programu 143, nilizihesabu. Katika hizo, tochi tatu. Tableti yenyewe haina hata taa ya nyuma.

Programu zilianza zikiwa vivuli vya kijivu, kisha moja baada ya nyingine zikapata rangi kadiri zilivyokuwa zikishuka kutoka Play Store. Hapo ndipo nikajua kwamba kwa njia hii programu yenyewe haibebwi. Kinachobebwa ni orodha, pamoja na kile kilichoruhusiwa kubebwa kutoka ndani ya kila programu. Ya barua pepe ilinitambua. Ya vitabu ilinitambua, ila vitabu nilivyokuwa nimeshavipakua havikuwemo. Ya benki ikanitazama kama mtu aliyekosea mlango. Nikatumia saa nzima kuingiza maneno ya siri, huku arifa za programu nilizokuwa nimezisahau zikimiminika: mchezo niliocheza mara moja, programu ya mazoezi inayoniuliza nimepotelea wapi.

Nikasema hapana. Hii ni sura mpya, roho ile ile.

JUMAMOSI. Nikaenda kwenye mipangilio, nikafuta kila kitu, nikaanza kama mtoto mchanga. Nikaweka akaunti yangu ya Google, na nilipoulizwa kuhusu kunakili nikakataa. Majina ya watu na kalenda vikaja vyenyewe, maana hivyo vinakaa kwenye akaunti. Picha pia, kwa sababu zilikuwa winguni kitambo, yaani zimehifadhiwa mtandaoni kwenye akaunti. Kioo cheupe, programu chache za kuzaliwa nazo, kimya. Raha hiyo sijui niieleze vipi. Kila nilichokihitaji nikakipakua pale nilipokihitaji. Jumapili mchana nilikuwa na programu 19, na hazijazidi 24 hadi leo.

Lakini sikilizeni kilichonipata Jumatatu. Nilikuwa na rekodi za sauti 31, mazungumzo na mzazi wangu akisimulia mambo ya utoto wake. Zilikuwa ndani ya kinasa sauti kilichokuja na tableti ya zamani. Kwenye mpya hazipo, kwenye wingu hazipo, popote hazipo, isipokuwa kwenye ile tableti yenye kona iliyopasuka ambayo nilikuwa nimeshaahidi kumpa mtu. Na habari ya kuchekesha zaidi: Ijumaa nilipohamisha "kila kitu" hazikuja pia. Kile kinasa kilikuwa cha kampuni ile, kinahifadhi kwenye folda yake chenyewe, na kule nilikohamia hakipo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, mnipinge. Swali la kuhamisha au kuanza upya tunaliuliza mapema mno. Kabla yake kuna swali jingine: ni kitu gani kinaishi ndani ya tableti ya zamani PEKE YAKE? Chukua karatasi, fungua programu moja moja, andika. Mimi nilipata vitu 7: rekodi za sauti, daftari moja la maandishi ambalo sikuwahi kuliunganisha na akaunti, michoro, faili nilizopakua, alama za kurasa za kivinjari cha pili, hatua nilizofikia kwenye mchezo mmoja, na maneno ambayo kibodi ilikuwa imejifunza. Hilo la mwisho msilidharau. Miaka sita nimeifundisha kibodi Kiswahili. Hii mpya nikiandika "nami" inaweka "name", nikiandika "hata" inaniwekea kofia ya Kiingereza. Nimeandika uzi huu nikigombana nayo, mkiona kosa mnivumilie.

Kwa wenye kadi ya memori, ninyi hamna shida. Chomoa kwenye ya zamani, chomeka kwenye mpya, kila kitu kinasoma. (NIMEREKEBISHA: sivyo kila wakati, someni jibu la TundikaWaya hapo chini.)

Karibuni.

---

Mpitanjia_7

Nimeweka kambi hapa. Tochi tatu umenimaliza mkuu.

---

TundikaWaya

Mkuu KiooKipya, uzi mzuri, ila nina mambo mawili.

La kwanza, kadi ya memori. Tangu Android 6, ya mwaka 2015, baadhi ya tableti zinakuuliza unapochomeka kadi: itumike kama hifadhi ya kubebeka au iwe sehemu ya hifadhi ya ndani? Ukichagua ya ndani, kadi inafungwa kwa usimbaji, yaani data inageuzwa isisomeke bila ufunguo, na ufunguo wake unabaki ndani ya tableti ile ile. Ukiichomoa na kuipeleka kwingine itaonekana kama kadi iliyoharibika, na kifaa kipya kitakuomba kwa upole kabisa uifute. Watu wanabonyeza ndiyo. Mimi nimebonyeza ndiyo. Basi kabla ya kuchomoa, ingia kwenye mipangilio ya hifadhi uangalie kadi imeandikwa nini. Kama ni ya ndani, hamisha vitu ukiwa bado na tableti ya zamani inayowaka.

La pili, ule ukurasa wa kunakili. Kuna sehemu ya kuchagua. Ungeweza kuacha tiki kwenye majina ya watu, picha na mipangilio, ukaondoa kwenye programu zote, au ukaingia ndani ukachagua programu 20 tu. Ungepata Jumamosi yako bila kuipoteza Ijumaa.

---

KiooKipya

TundikaWaya, huo ukurasa nimeukumbuka sasa. Niligonga Endelea kama mtu anayefukuzwa.

La kadi nimelirekebisha kule juu. Yangu ilikuwa ya kubebeka, ndiyo maana ilisoma. Ahsante mkuu, umeokoa watu.

---

Bwana_Kasi

Mimi siku zote naanza upya. Ukihamisha unahamisha na uzito. Tableti mpya inakuwa nzito siku ya kwanza tu.

---

TundikaWaya

Bwana_Kasi, hapo tutabishana kidogo. Uzito gani unaohama? Mfumo endeshi hauhami, tableti mpya ina wake. Takataka za muda ambazo programu hujirundikia hazimo kwenye nakala rudufu, yaani ile nakala ya akiba ya vitu vyako. Programu zenyewe, kama alivyoona mwenye uzi, zinashuka upya. Kinachokuja ni data, mipangilio na ruhusa.

Unachokiona siku ya kwanza ni kazi. Programu 143 zinapakuliwa, zinasakinishwa, picha zinapangwa, barua pepe za miaka zinavutwa, vyote kwa wakati mmoja. Iache kwenye chaji na waifai usiku mmoja, uipime kesho yake. Kinachofanya tableti iwe nzito moja kwa moja ni mambo mawili ambayo hayana uhusiano na kuhamisha: hifadhi iliyojaa hadi kooni, na programu nyingi zinazoamka nyuma ya pazia. Mtu anayeanza upya kisha akarudisha programu zote 143 kwa mkono ndani ya wiki amefika kulekule, tena kwa miguu.

---

Bwana_Kasi

Sawa, la ruhusa je? Ukianza upya kila programu inakuomba kipaza sauti, mahali ulipo, majina ya watu. Unakataa moja moja. Mimi hiyo peke yake inatosha kuanza upya.

---

TundikaWaya

Hilo nakupa. Hapo una hoja.

---

Nuru_ya_Asubuhi

Samahani kwa swali la kitoto. Kwa nini data za programu nyingine zinakuja na nyingine haziji? Nilidhani nakala rudufu ni nakala ya kila kitu.

---

FundiWaNyuzi

Swali si la kitoto dada, wengi wanaumia hapo hapo.

Kwa Android, nakala rudufu inayokwenda Google inampa kila mtengenezaji wa programu nafasi ya megabaiti 25 kwa kila programu. Tena ni yeye anayeamua nini kiingie, na anaweza kukataa kabisa. Mtengenezaji wa mchezo wenye data kubwa hatoshei humo. Mtengenezaji wa programu ya benki hataki hata kusikia, maana funguo zake zinakaa kwenye sehemu ya chipu ambayo haitoi kitu nje. Ndiyo maana benki inakuona mgeni hata ukihamisha kwa kebo bora namna gani, na kusema kweli ndivyo inavyopaswa. Kebo hubeba zaidi ya wingu, lakini mlango wa mtengenezaji bado upo.

Hivyo neno "imehifadhiwa" kwenye mipangilio lisikulaze usingizi. Maana yake ni kwamba kuna kitu kimehifadhiwa. Kipi, hawakuambii.

Na jingine ambalo watu hawalijui: nakala ya Google ina umri. Kifaa kisipotumika kwa siku 57, nakala yake inaweza kufutwa. Kwa hiyo ile tableti uliyoiweka kabatini miezi mitatu ukisema "vitu vyangu viko wingunI" (kibodi yangu nayo mgonjwa), iwashe leo.

---

Nuru_ya_Asubuhi

Siku 57! Nashukuru kaka. Naenda kuiwasha sasa hivi.

---

MamaWawili

Wenzangu mnaongelea Android tu. Mimi natoka iPad ya zamani kwenda iPad mpya. Je, nihamishe? Niko pale mwanzo kabisa, imeandika salamu kwa lugha zote za dunia.

---

DadaWaWino

MamaWawili usiguse kitu kwanza. Weka zote mbili kwenye chaji, kwenye waifai, bluetooth iwashwe, uzilaze karibu karibu. Ile ya zamani itatoa ujumbe wenyewe kwamba imeona iPad mpya. Ukikubali, mpya itaonyesha kitu kama wingu la nukta za buluu linalozunguka. Kamata ya zamani juu yake, kamera iangalie lile wingu mpaka likae ndani ya duara. Usihangaike kulielewa, ile ni kama msimbo wa kuskani uliovalishwa nguo nzuri. Kisha utaandika kwenye mpya namba ya siri ya ile ya ZAMANI. Watu wengi wanakwama hapa wakidhani wanaombwa namba mpya.

Baada ya hapo utachagua: vitu vitoke moja kwa moja kwenye iPad ya zamani, au vitoke iCloud, yaani wingu la Apple. Ya moja kwa moja inahitaji zote ziwe na mfumo wa iPadOS 13.4 au zaidi, na muda wote wa kuhamisha hutaweza kutumia hata moja. Kama watoto wanaitegemea hiyo iPad, fanya wakiwa wamelala.

Ya iCloud inakurudishia kioo haraka kidogo, vitu vingine vinaendelea kushuka huku unatumia. Tatizo ni nafasi: bure ni gigabaiti 5, na watu wengi zimejaa tangu zamani. Lakini tangu mfumo wa Apple wa iOS 15, wa mwaka 2021, ukiwa unahamia kifaa kipya Apple wanakupa nafasi ya muda ya kuweka nakala rudufu, bila malipo, kwa siku hadi 21. Inapatikana kwenye mipangilio ya ile ya zamani, sehemu ya kuhamisha au kuweka upya, kuna maandishi ya kujiandaa kwa iPad mpya. Sijui kwa nini wameificha kule chini.

Una kompyuta?

---

MamaWawili

Ninayo dada. Wingu la nukta nimeliona, ni zuri kweli, mdogo alitaka kulishika.

---

DadaWaWino

Basi ukiwa na kompyuta kuna njia ya tatu, na binafsi ndiyo ninayoiamini: nakala rudufu kwenye kompyuta, ILIYOFUNGWA KWA NENO LA SIRI. Kuna kisanduku cha kuweka tiki kuhusu usimbaji. Bila ile tiki, maneno ya siri yaliyohifadhiwa, mipangilio ya waifai na data za afya haviingii kwenye nakala. Ukiiweka vinaingia. Ila hilo neno la siri ukilisahau, nakala hiyo haifunguki, hata Apple wenyewe hawawezi kukusaidia. Liandike mahali.

Onyo moja: nakala iliyotengenezwa kwenye mfumo mpya zaidi haikubali kurudishwa kwenye iPad yenye mfumo wa zamani. iPad mpya iliyokaa kwenye boksi muda mrefu inaweza kuwa nyuma ya hiyo yako ya zamani. Isasishe kwanza. Android nayo tabia ni hiyo hiyo.

---

MamaWawili

Nimechagua ya moja kwa moja. Imeandika saa 1 na dakika 40. Naenda kulala.

---

Hamahama

Mimi kesi yangu ni mbaya kuliko zenu: Android kwenda iPad.

---

FundiWaNyuzi

Pole mkuu, ila si mbaya hivyo. Kuna programu ya Apple inaitwa Move to iOS, unaiweka kwenye Android. iPad mpya ikiwa katika hatua za mwanzo inakupa msimbo wa tarakimu, unauandika kwenye Android, zinaunganishwa kwa waifai ya muda ambayo iPad inaitengeneza yenyewe. Zinakwenda picha, video, majina ya watu, kalenda, akaunti za barua pepe, alama za kurasa. Sharti: ile programu ibaki wazi kwenye kioo cha Android hadi mwisho. Ukitoka kujibu ujumbe, inakatika. Ukiona mstari umejaa upande mmoja, subiri upande wa iPad nao umalize, huo ndio wenye neno la mwisho.

Programu ulizonunua Play Store hazivuki. Kila duka na risiti zake. Zile za kulipia kwa mwezi mara nyingi unaingia tu kwa akaunti yako na zinakutambua.

Kwako wewe, kwa maoni yangu, anza upya na uhamishe picha peke yake. Ukihama nyumba kwenda nyingine ambayo hata milango yake inafunguka upande tofauti, haina maana kubeba pazia.

---

Hamahama

Na WhatsApp?

---

FundiWaNyuzi

WhatsApp kwenye tableti mara nyingi ni kifaa kilichounganishwa na simu, sio makao makuu. Kwa Android ilianza 2023, kwa iPad imekuja 2025. Hapo hakuna cha kuhamisha: skani msimbo kwa simu yako, mazungumzo ya karibuni yatajileta. Vifaa vinne vinaruhusiwa mbali na simu, na simu yenyewe isipotumika kwa siku 14 hivyo vingine vinatolewa nje. Ukishamaliza, toa ile tableti ya zamani kwenye orodha ya vifaa. Watu wanaisahau, mtu mwingine anaipokea na mazungumzo yenu yanaendelea kumfikia.

---

SijuiLolote_ila_Najua

Naomba nikiri kosa langu hapa ili lisimpate mwingine.

Nilihamisha salama. Tableti mpya ikawa na picha zote, kama 9,000 hivi. Nikataka kumpa mdogo wangu ile ya zamani, na kwa kuwa sikutaka aone picha zangu, nikakaa nikazichagua zote, nikafuta. Kwa mkono. Nikajisikia mtu makini sana.

Nusu saa baadaye nafungua mpya, picha zinaondoka mbele ya macho yangu. Ziko 8,000. Ziko 6,500. Yaani nikiangalia namba inashuka. Nikazima waifai mikono ikitetemeka.

Kumbe zile hazikuwa picha za tableti hii na picha za tableti ile. Ni picha zile zile za akaunti moja, tableti zote mbili ni madirisha ya chumba kimoja. Ukifuta kwenye dirisha moja umefuta chumbani. Bahati yangu kuna kapu la vilivyofutwa karibuni, nikazirudisha zote, ilichukua usiku kucha.

---

DadaWaWino

Pole sana ndugu, na umefanya vema kusema. Kwa Picha za iCloud lile kapu linakaa na vitu siku 30. Kwa Google, picha zilizokwisha kupanda wingu zinakaa kapuni siku 60. Zikipita, basi.

Kanuni: usisafishe kifaa cha zamani kwa kufuta kimoja kimoja. Ondoa AKAUNTI kwanza, kisha ufute kifaa kizima. Ukishaondoa akaunti, dirisha limefungwa, vilivyomo chumbani vinabaki.

---

TundikaWaya

Na usifute kabla ya kuondoa akaunti, hasa kwa njia ya vitufe vya pembeni. Tangu Android 5.1 tableti ikifutwa kwa vitufe bila akaunti kuondolewa, ikiwaka inaidai akaunti ile ya zamani. iPad ina kufuli lake la namna hiyo tangu iOS 7, mwaka 2013. Vimetengenezwa kwa ajili ya wezi, lakini wanaonaswa kila siku ni wadogo zetu tuliowapa tableti. Mdogo wako angekupigia simu kukuuliza paswedi mpaka mgombane.

---

Kipande_cha_Saba

Mimi nilifuta ya zamani wakati ile programu inayotoa tarakimu sita za kuingilia akaunti bado iko ndani yake. Sina la kuongeza. Nilikaa siku nne nje ya barua pepe yangu.

---

FundiWaNyuzi

Hiyo ndiyo iwe ya kwanza kwenye karatasi ya KiooKipya. Programu za tarakimu sita nyingi zina sehemu ya kuhamisha akaunti: ya zamani inatoa msimbo, mpya inauskani. Ya Google imeweza kuhifadhi kwenye akaunti tangu Aprili 2023, lakini angalia kama kwako imewashwa, usidhani. Na zile namba za dharura wanazokupa ukiwasha ulinzi wa hatua mbili (neno la siri pamoja na tarakimu hizo), ziandike kwenye karatasi, na karatasi isikae ndani ya kava la tableti hiyo hiyo.

---

Mpitanjia_7

Karatasi iliyo ndani ya kava. Mmenionaje?

---

BabaTatu

Naombeni msaada wa haraka. Mtoto wangu ana miaka saba, nimemwekea tableti mpya, nimeanza upya kwa sababu niliona ya zamani imejaa uchafu. Sasa analia. Mchezo wake wa kujenga mji umeanza sifuri, na michoro yake haipo.

---

KiooKipya

BabaTatu, ya zamani hujaifuta?

---

BabaTatu

Bado. Ipo hapa, kioo kina vidole vya kila rangi.

---

KiooKipya

Basi hakuna kilichopotea, mwambie asubiri kidogo.

Fungua mchezo kwenye ya zamani, uende kwenye mipangilio ya mchezo wenyewe. Kama alikuwa anacheza kama mgeni, mji wake unaishi humo tu. Tafuta sehemu ya kuunganisha na akaunti, unganisha, subiri uone imehifadhi, ndipo ufungue kwenye mpya uingie kwa akaunti hiyo hiyo. Ikikuuliza uchague mji upi ubaki, SOMA kabla ya kubonyeza: mmoja utaandikwa hatua kubwa, mwingine hatua ya 1. Ukichagua wa hatua ya 1 mimi sikujui.

Michoro: ndani ya programu ya kuchora tafuta kutuma au kuhifadhi kama picha, ichague yote, itume kwenye akaunti yako. Inaweza kuwa kazi ya mchoro mmoja mmoja.

---

BabaTatu

Mji umerudi. Hatua ya 48. Michoro ni 212 na inabidi mmoja mmoja. Nimefika wa 30, mingi ni paka.

---

Nuru_ya_Asubuhi

Kaka usiruke hata paka mmoja.

---

MamaWawili

Nimeamka, imemaliza. Kila kitu kipo, hata kurasa nilizoacha wazi kwenye kivinjari. Ila programu kama kumi zilikuwa bado na duara la kupakua, nikazigusa mara moja zikaendelea. Ahsanteni, dada wa wino hasa.

---

Bwana_Kasi

Swali la mwisho kwa mwenye uzi. Ungeanza leo, ungefanyaje? Jibu moja, usizunguke.

---

KiooKipya

Wiki tatu zimepita tangu nifungue uzi huu, kwa hiyo nikujibu kwa nilichofanya hatimaye.

Sikuhamisha programu. Nilibaki na ile iliyoanza upya, nikatoa vitu 7 vya karatasini kwa mkono. Vitano vilichukua jioni moja. Alama za kurasa nimeziacha, nusu yake zinaelekea kwenye kurasa ambazo hazipo tena. Kibodi bado tunafundishana, sasa "nami" inaijua. Lakini kama tableti yangu ingekuwa ya kazi, yenye programu ambazo kila moja imepangwa kwa wiki nzima, ningehamisha bila kufikiri mara mbili na kuondoa zile tochi baadaye. Na kama ni ya mtoto, ningehamisha hata chembe ya vumbi.

Ya zamani sijampa mtu bado. Nimemwomba anipe mwezi. Ipo kwenye droo, ina chaji kama nusu, maana betri haipendi kulazwa ikiwa tupu wala ikiwa imejaa. Nimeshaifungua mara mbili. Mara ya kwanza kwa rekodi za sauti: nilizinakili zote kwa kebo hadi kwenye kompyuta, na kebo ya kwanza niliyoshika ilikuwa ya kuchaji tu, haina nyaya za data, nikahangaika nayo dakika ishirini nikidhani tableti imekufa. Mara ya pili ilikuwa juzi. Nilizihesabu rekodi kwenye kompyuta, nikaona ni 30.

Ya 31 ilikuwa kwenye kapu la vilivyofutwa la kinasa chenyewe. Ina sekunde 14. Anauliza kama imeshaanza kurekodi.